Mpira wa Mvuke

Mlinzi Obeid Kihwele alikutwa amekufa Jumatatu asubuhi, mwezi wa sita, ndani ya kibanda chake nyuma ya sheli ya Igwila, pale Uyole. Aliyemkuta ni meneja wa sheli hiyo, Adrian Mlowe, na ukelele aliopiga uliwatoa watu sokoni na magunia yao ya viazi begani. Walipochungulia waliona jambo ambalo Mbeya nzima hulijua baridi inapoanza kuuma: mtu amelala chali kwenye godoro, blanketi limefika kidevuni, na kando ya kichwa chake jiko la mkaa.

"Jiko hilo," akasema wa kwanza.

"Jiko tu," wakaitikia wengine, na kesi ikawa imekwisha kabla polisi hawajawasha gari.

Inspekta Benedicta Mgaya alifika saa tatu na nusu akiwa na mafua na hasira. Mafua yalikuwa ya msimu. Hasira zilikuwa za kazini, maana kila baridi ikianza yeye ndiye aliyetumwa kwenye vifo vya majiko. Wakubwa wake waliamini vifo hivyo havihitaji akili, na kwa maoni yao hata yeye hakuihitaji. Alifuatana na Konstebo Shedrack, kijana mrefu mwenye miguu inayogonga kila ndoo.

Kibanda kilikuwa cha matofali, kimepakwa rangi ya bluu ndani, kimejengwa kwenye kona ya chini kabisa ya uwanja, pale mteremko wote wa sheli unapoishia. Dirisha hakina. Karibu na sakafu, ukuta wa nyuma, kulikuwa na tundu la upana wa tofali moja. Ndani kulinuka petroli hadi macho yakamchonyota Benedicta.

"Hapa ni sheli, afande," alisema Adrian kwa upole. Alikuwa mwanamume nadhifu wa miaka arobaini hivi, shati limenyooshwa, macho mekundu kwa kulia. "Mimi mwenyewe hata noti ninazotoa sadaka zinanuka petroli."

Benedicta alichuchumaa, akatia vidole ndani ya jiko. Vipande vikubwa vya mkaa vilikuwa bado vizima, vyeusi tii. Majivu yalikuwa yameshikana mabonge, yana unyevunyevu. Akayasugua, akayanusa, akanyanyuka polepole.

"Shedrack, beba jiko hili lilivyo, liweke garini. Usimwage hata chembe."

"La kazi gani, afande?"

"La kukupikia uji. Beba."

Ofisini kwa Adrian ukutani kulikuwa na picha yake akipokea cheti kutoka kwa wakubwa wa kampuni. Alipoona Benedicta anaitazama, huzuni ilimpungua kidogo usoni. Akaeleza. Zamani, alisema, kila lori liliposhusha mafuta, mvuke wa petroli ulitoka kwenye matangi na kusambaa mtaani. Watoto wa chekechea ya jirani walikuwa wanatapika, na wazazi wakaja juu hadi sheli ikanusurika kufungwa.

"Ndipo nikaleta mpira wa mvuke. Ni sawa na kujaza maji kwenye chupa, afande. Maji yakiingia, hewa inatoka. Petroli ikiingia tangini, mvuke kiasi kilekile lazima utoke. Sasa badala ya kuuachia hewani, unaunganisha mpira, mvuke unarudi kwenye lori lililoleta mafuta. Lori linaondoka nao. Hapa kwetu hakuna harufu tena. Mwezi ujao ninahamia Iringa, nitasimamia vituo vyote vya kampuni Nyanda za Juu Kusini."

"Hongera. Leo mlishusha mafuta?"

"Ndiyo, saa moja asubuhi. Nilisimamia mwenyewe. Utaratibu wote tulifuata, hata mama chai wa hapo nje aliuzima moto wake kwa maji kama kawaida. Lori likija, hatutaki kaa hata moja jekundu."

"Na Obeid?"

"Zamu yake inaisha saa kumi na mbili. Nilijua ameshakwenda kwake. Maskini, kumbe alikuwa humo tangu usiku, jiko linammaliza."

Wakitoka, Benedicta alisimama pale mpira huo ulipotundikwa, mnene kama mkono wa mtu. Upande mmoja ulikuwa na kiungio cha chuma kinachong'aa. Kiungio cha upande wa pili kilikuwa kimekatika meno, na ukingo wake una mikwaruzo ya bluu. Alivuka barabara hadi kwa mama chai, Joyness, mwanamke mnene asiyeacha kufuta meza, akaagiza chai ya tangawizi. Ilikuwa na ladha ya moshi mtupu.

"Samahani dada," alisema Joyness bila kumtazama. "Leo napikia kuni."

* * *

Jumanne asubuhi mambo yaliharibika. Mama wa marehemu alifika kwa basi la usiku kutoka kijijini kwao, jirani na Tosamaganga, akaenda moja kwa moja polisi. Hakulia. Alisema mkwe wake, Yusta, amemuua mwanawe kwa makusudi. Mtaa mzima ulisikia wakigombana wiki nzima. Tena jirani mmoja alimwona Yusta Jumapili jioni akielekea sheli, amebeba kitu chini ya khanga, kinatoa moshi. Kufikia saa nne Yusta alikuwa mahabusu, na binti yake wa miaka mitano, Esta, alikuwa mapajani kwa bibi yake.

"Mwili ukitoka hospitali tunasafirisha," mama mkwe alimwambia mkuu wa polisi. "Tunazika Alhamisi. Huyo asikanyage kaburini. Na mtoto ni wetu, nimeshamweleza mama yake amefanya nini."

Mkuu alimwita Benedicta. "Funga hili jalada. Ugomvi wa ndoa, jiko, basi. Au unataka tuchunguze mkaa?"

"Ndiyo mkuu, nataka tuchunguze mkaa."

"Benedicta, usinichoshe."

"Nipe mpaka Alhamisi."

Alimkuta Yusta ameketi sakafuni, miguu imekunjwa, uso umevimba. Alikuwa na miaka ishirini na sita na siku ile alionekana ana hamsini.

"Dada Yusta, ulimpelekea jiko Jumapili?"

"Zamani nilikuwa nampelekea. Jumapili sikupeleka."

"Kwa nini?"

"Alinikataza mwenyewe. Aliniambia, 'Kile kibanda siku hizi kinanuka kama tangi, ukiniletea moto utanilipua.' Anarudi nyumbani kichwa kinamuuma, anatapika. Mimi nikamwambia ni pombe ya ulanzi inakutapisha, usinifanye mjinga. Ndio ugomvi wenyewe huo, afande. Nilimtukana mtu mgonjwa."

"Ulibeba nini chenye moshi?"

"Makande. Yalikuwa ya moto."

"Asubuhi mliongea?"

"Alinipigia saa kumi na mbili. Akasema meneja amemwambia asubiri kwanza lori lishushe, mlinzi wa mchana kachelewa. Akasema anajinyoosha kidogo." Akashika mkono wa Benedicta kwa nguvu. "Gereza sijali. Wamemwambia mwanangu nimemuua baba yake. Anaamini. Leo asubuhi alinikimbia, afande, alinikimbia mimi!"

Benedicta alikuwa na majibu ya kipolisi mengi kwa nafasi kama hiyo. Hakutumia hata moja. Alimfuta machozi kwa leso yake ya mafua, akaondoka haraka kabla na yeye hajaaibika.

Daktari aliyempasua marehemu hakupenda maneno mengi. "Waliouawa na moshi wa jiko damu yao huwa nyekundu ya kung'aa, huwezi kukosea. Hii ni nyeusi. Mapafu yamejaa maji, na yananuka petroli."

"Alikunywa?"

"Tumboni hamna. Alivuta. Tena alivuta sana. Na kitu kingine, hakufa ghafla. Mapafu hayajai hivyo kwa dakika mbili. Alihangaika."

Benedicta alirudi Uyole. Joyness alipomwona, alifuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Mama Joyness, jiko lako la mkaa liko wapi?"

"Limeibiwa."

"Lini?"

"Jana. Lori lilipofika nikalimwagia jiko maji, lilipomaliza kushusha nikaenda bombani kujaza ndoo. Kurudi, jiko hakuna."

"Obeid mlikuwa mnaelewana?"

"Kuelewana na Obeid!" Mama chai aliwaka. "Siku ya lori, kabla hajatoka zamu, huyoo, 'Mama zima moto, mama zima moto.' Chai yangu inapoa, wateja wanakimbia. Tulikuwa tunarushiana maneno kila mara. Lakini kumuua, mimi? Mungu wangu!"

"Sijasema umemuua. Nani alikuwa karibu jiko lilipopotea?"

Joyness alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye sheli, kisha haraka akatazama meza. "Watu wa sheli. Na yule dereva wa lori, Ahmadi. Aliondoka mbiombio, hata chai aliyolipia hakunywa. Siku zote anakunywa vikombe viwili."

Ahmadi alikuwa ameshafika Iringa. Benedicta na Shedrack walifunga safari jioni hiyo hiyo. Njiani Shedrack alipiga hesabu zake kwa sauti: Yusta alikuwa na ugomvi, Joyness alikuwa na ugomvi, Ahmadi amekimbia. "Ahmadi, afande. Mtu asiyenywa chai aliyolipia ana jambo."

"Tatizo lako, Shedrack, ni kwamba mara mojamoja unasema kitu cha maana, unanichanganya."

* * *

Jumatano alfajiri walimpata Ahmadi pale Ipogolo, Iringa, kwenye maegesho ya malori, akitawadha. Walimsubiri aswali. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi, babu yake alitoka pwani akaja kufungua duka Iringa. Alimsalimu Benedicta kwa heshima.

"Mzee Ahmadi, Jumatatu pale Igwila, mpira wa mvuke mliunganisha?"

"Tuliunganisha, mwanangu. Ni sheria."

"Kwenye tangi la chini?"

"Ndiyo."

"Na upande wa pili kwenye lori lako?"

"Ndiyo."

"Twende ukanionyeshe."

Walizunguka nyuma ya lori. Ahmadi alionyesha mahali mpira wa mvuke unapochomekwa, akasita. Kifuniko chake kilikuwa kimeshikwa na kutu. Kati ya kifuniko na chasisi ya lori kulikuwa na utando wa buibui, mkubwa, wa zamani, umeshika vumbi na mbawa za kumbikumbi.

"Buibui huyu," alisema Benedicta, "ni mvumilivu sana. Kila mnapochomeka mpira anahama, mkimaliza anarudi?"

Mzee alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Kisha yakamtoka.

Meno ya kiungio yalivunjika tangu mwezi wa tatu. Adrian alikikanyaga kwa gari lake mwenyewe akirudi nyuma. Kingine kilitakiwa kuagizwa, na kukiagiza ni kuwaambia wakubwa kwamba kituo chao cha mfano hakirudishi mvuke tena. Adrian akasema watavumilia kidogo. Mpira ukawa unaunganishwa tangini kama kawaida, wakaguzi wakipita wauone, ila ncha ya pili haiendi kwenye lori.

"Inakwenda wapi?"

"Kwenye kibanda cha mlinzi. Kwenye lile tundu la chini. Alisema mvuke wa petroli ni mzito, unatulia chini. Ukijaa mle kibandani hautoki kwa fujo, unavujavuja taratibu mchana kutwa, wale wa chekechea hawasikii kitu. Mlinzi wa mchana hukaa getini. Jioni Obeid akija, unakuwa umeshapungua."

"Wewe ukakubali."

"Nilimwambia si vizuri. Akaniambia, 'Nikishakuwa mkubwa wa vituo vyote nitakukumbuka.'" Ahmadi alijipiga kifuani. "Nimeendesha mafuta miaka thelathini. Ningekataa, nani angenilazimisha? Hakuna."

"Jumatatu mlijua Obeid yumo?"

"Wallahi sikujua. Tulipomaliza kushusha nikaenda kutoa mpira. Nikasikia mtu anakoroma ndani. Nikashtuka, nikamwita Adrian, nikamwambia mle kuna mtu! Akaja, akafungua mlango, akaingia ameziba pua. Akatoka, akasema, 'Ni Obeid. Amelala tu, amechoka na zamu. Mwache apumzike, wewe nenda.' Na kweli alikuwa anakoroma kwa nguvu. Nikasema Alhamdulillahi, mtu anayekoroma ni mzima. Ila moyo ulikataa. Chai ilinishinda."

Benedicta alisogea pembeni, akampigia simu askari wa zamu mahabusu Mbeya. "Nipe Yusta. Yusta? Nijibu moja tu. Obeid alikuwa anakoroma akilala?"

Upande wa pili ikatoka sauti ndogo. "Hata siku moja. Nilikuwa naamka usiku kumgusa, nione kama anapumua. Kwa nini, afande?"

"Nitakuambia," alisema Benedicta, akakata simu, akasimama muda mrefu ameipa barabara mgongo.

* * *

Saa tisa alasiri waliingia ofisini kwa Adrian. Makasha yalikuwa yamepangwa tayari kwa kuhama. Benedicta alimkalisha Ahmadi kwenye benchi, akamtuma Shedrack amlete mama chai, kisha akaweka jiko juu ya meza, katikati ya makaratasi safi.

"Afande, hilo linachafua," alisema Adrian.

"Litafutwa. Mama Joyness, hili jiko la nani?"

Joyness alimtazama Adrian, akamtazama Benedicta, akafunga pindo la khanga na kulifungua.

"Mama, mwanamke mwenzako yuko mahabusu kwa ajili ya jiko hili. Mwanawe amechukuliwa."

"Ni langu," alisema Joyness, na mara akawa kama bomba lililopasuka. "Ni langu! Nilikuwa natoka bombani nikamwona huyu meneja amelibeba, anaenda nalo nyuma. Nikadhani anataka kunikomesha kwa kuwasha moto karibu na sheli. Baadaye Obeid akakutwa amekufa, akanijia, akaniambia, 'Ukisema ni lako, utaozea jela wewe, jiko lako ndilo limeua.' Mimi ni mjane, afande, nina watoto wanne. Niliogopa."

"Huyu mama anatafuta pa kutokea," alisema Adrian. Sauti yake ilikuwa bado ya upole. "Aligombana na Obeid kila siku, muulizeni yeyote."

"Nitakuuliza wewe. Jiko likimuua mtu, mkaa wake huendelea kuwaka hadi unakuwa unga, au unajifia wenyewe. Haumwagiwi maji. Hili lilimwagiwa. Nani alilimwagia, marehemu?"

Adrian alisogeza makaratasi mbali na jiko.

"Kuna moto mmoja tu hapa unaozimwa kwa maji lori linapofika, uliniambia mwenyewe. Sasa nikajiuliza. Mtu anayetaka kusingizia jiko si angechukua lenye moto? Angalau lingekuwa na joto, watu waamini vizuri. Kwa nini achukue lililolowa? Ni mpaka awe anajua mle ndani kumejaa nini. Mlevi angeingia na moto. Mke angeingia na moto. Hata Shedrack wangu hapa angeingia na moto, tukamwokota mbali huko Igurusi. Ni mtu wa mafuta tu ndiye angeogopa kaa moja jekundu kwenye kibanda kile."

"Sikujua kama yumo. Nilisema tangu mwanzo."

"Ulimwambia asubiri lori. Mke wake anasema, na simu yake tunayo."

"Nilidhani atakaa getini!" Upole ulikatika. "Baridi ile, nilijuaje ataenda kulala? Nilikuwa na mambo mengi, lori limekuja, wateja wamepanga foleni. Nilimsahau. Mtu hawezi kusahau?"

"Anaweza. Rangi ya bluu ya kibanda iko kwenye ncha ya mpira wako, na kwa hilo tu ungekuwa mzembe aliyeua bila kukusudia. Ningekukamata huku nakuonea huruma." Benedicta alivuta kiti, akakaa uso kwa uso naye. "Lakini mzee Ahmadi alikuita. Ukafungua mlango. Ukaingia. Obeid alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa... anakoroma."

"Mke wake anasema hajawahi kukoroma. Daktari anasema mapafu yalikuwa yanajaa maji. Ulimwona mdomoni ana nini?"

Mzee Ahmadi alifunika uso. Adrian alitazama makasha yake, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta alikoweka kitu.

"Povu," alisema.

"Ulimwita?"

"Nilimwita. Nikamtikisa. Hakuamka."

"Gari lako lilikuwa hapo nje. Hospitali huijui?"

"Naijua."

"Sasa ulifanya nini, Adrian?"

Nje mhudumu wa pampu alikuwa anabishana na mwenye bajaji, na sauti zao zilisikika wazi.

"Nilifikiria Iringa," alisema Adrian. "Nikimpeleka, wataniuliza amevuta nini, wapi. Wataona mpira. Nikasema labda ataamka mwenyewe akipata hewa, nikaacha mlango wazi. Nikazunguka. Nikarudi. Bado. Nikasema akizinduka atasema. Alishaanza kulalamika kichwa, alishaniambia atapeleka malalamiko kwa wakubwa. Ndipo nikaona jiko."

"Ulipoliweka jiko, alikuwa amekufa?"

"Afande, tafadhali."

"Alikuwa amekufa?"

"Hapana," alisema Adrian Mlowe. "Nilimfunika blanketi. Nikafunga mlango."

Joyness alitoa mlio, akatoka nje mbio. Shedrack, ambaye kwa kawaida hugonga kila kitu, alipita katikati ya makasha bila kugusa hata moja, akatoa pingu.

* * *

Alhamisi walimtoa Yusta asubuhi na mapema. Mkuu wa polisi alisaini bila kumtazama Benedicta usoni, akasema tu, "Chukua gari." Walipopita Mafinga, Yusta aligeuka kutoka dirishani.

"Alikuwa hai," alisema. Halikuwa swali; Joyness alikuwa amemfuata mahabusu, amemweleza yote akilia.

"Ndiyo."

"Alijua?"

"Daktari anasema alishapoteza fahamu. Hakusikia kitu." Hilo daktari hakulisema. Benedicta alilisema akitazama barabara, na angelisema tena.

Walichelewa. Lori moja lilianguka milimani, wakasimamishwa, na walipofika kijijini kaburi lilikuwa limeshafukiwa na katekista anafunga kitabu. Watu waligeuka. Minong'ono ikaanza, na wanaume wawili wa ukoo wakasogea kuziba njia.

"Kamwene," Benedicta aliwasalimu. "Mimi ni Inspekta Mgaya wa polisi Mbeya. Nipisheni, nina neno na wafiwa wote."

Alilisema lote, kwa sauti, bila kupamba. Alisema mvuke ulitoka wapi na nani aliuelekeza kibandani, alisema jiko liliwekwa na nani, na kwamba mtu huyo yuko rumande. Alisema Yusta hakupeleka moto wowote. Alipomaliza, wanaume wale wawili walikuwa wameshavua kofia na wanatazama viatu vyao.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, Esta amejificha nyuma ya mgongo wake, ameshika gauni lake. Yusta alipiga magoti mbali kidogo, akanyoosha mikono. Mtoto hakutoka.

"Esta," alisema Yusta. "Njoo mama."

"Wewe umemuua baba," alisema mtoto. Hakusema kwa hasira. Alilisema kama jambo alilofundishwa, akalishika vizuri.

Yusta alishusha mikono, akamtazama Benedicta, na Benedicta akamgeukia bibi wa mtoto. Hili halikuwa lake kulijibu.

Bibi kizee alijigeuza kwenye mkeka kwa shida, magoti yakimuuma, hadi akamwelekea mjukuu wake. Akamshika mabega mawili.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Wewe, bibi."

"Basi nisikilize, na hawa watu wote wanisikilize. Bibi alisema uongo. Bibi hakujua, akasema. Mama yako hajamfanya baba kitu chochote." Akamwonyesha Yusta kwa kidevu. "Alimpelekea makande."

Mtoto alimtazama bibi, akamtazama mama yake, akawaza.

"Alikula?" akauliza.

"Alikula, mwanangu," alisema Yusta. "Alimaliza yote."

Esta akaachia gauni la bibi yake, akaanza kutembea kuelekea pale mama yake alipopiga magoti.